Tulimwambia Tutarudi

Majini wa wenzangu huanzia makaburini, au chini ya daraja, au kwenye nyumba iliyohamwa. Huyu ninayewaletea mimi alianzia ndani ya birika la chai, jikoni kwa Avril Tarrant, mjini Kettering, Uingereza, mji ulio mbali na bahari kiasi kwamba paka wa huko hawamjui samaki mwenye kichwa. Nani mwingine kawaletea jini wa birika? Asiyetaka kuogopa aishie hapa.

Avril alikunywa funda moja, akalitema kwenye sinki.

"Hedley! Umetia chumvi humu?"

Mumewe alikuwa ameshamaliza kikombe chake na anajipangusa mdomo. "Sijatia kitu."

"Chumvi tupu! Na wewe umekunywa yote?"

"Ilikuwa nzuri tu, mke wangu."

Hedley ndivyo alivyoumbwa. Kinyozi alimkata sikio, akamshukuru, na mwezi uliofuata akarudi kwa kinyozi yule yule. Akiletewa supu baridi mkahawani husema anaipenda hivyo hivyo. Maisha yake yote ameendesha basi la mji bila kumpigia mtu honi. Avril, ambaye alizeeka akiwapakulia watoto wa shule viazi na kuwakemea wasimwage mchuzi, alimpenda kwa huo upole wake, na mwezi wa nne nusura ampoteze. Alimkuta kalala kifudifudi bustanini kati ya vitunguu, moyo umegoma. Hospitali waliuamsha. Daktari akasema mzee apumzike, apate hewa ya bahari. Tangu siku ile Avril hakuwa na hofu nyingine duniani isipokuwa hiyo moja, kwamba Hedley ataondoka na yeye atabaki na birika lake.

Kwa hiyo waliketi mezani na ramani kupanga safari. Usiku mmoja tu pwani, kwenda na kurudi.

"Weston," alisema Avril. "Upande wa magharibi. Kuna gati refu, na hoteli ina lifti."

"Au turudi kule Thornsea," alisema Hedley, akimkonyeza.

"Thornsea! Afadhali nilale na kuku!"

Wakacheka mpaka Hedley akashika kifua na Avril akamwambia anyamaze. Mwaka uliopita, mwezi kama huu, walilala siku mbili Thornsea, pwani ya mashariki, kwa Bibi Mapplebeck, mwenye nyumba ya wageni. Kitanda kilikuwa na unyevu kama kitambaa cha kudekia. Yai la asubuhi lilikuja likiogelea kwenye mafuta. Na ilikuwa sheria ya nyumba kwamba mgeni akishakunywa chai ya asubuhi atoke, asionekane mpaka jioni. Basi walishinda kwenye kibanda cha ufukweni, mvua inawapiga ubavuni, wakila mkate uliolowa. Lakini siku ya kuondoka Bibi Mapplebeck alisimama mlangoni, mikono imefumbatwa kifuani, akauliza, "Mmefurahi?" Na Avril akajibu kama Mwingereza yeyote aliyelelewa na mama yake: "Tumefurahi sana! Mwakani tutarudi, tena tupe chumba kile kile."

Walicheka garini mpaka Kettering. Nani Uingereza hajasema hivyo? Watu wa huko wanayasema maneno hayo kama wewe unavyopiga chafya. Hakuna anayeyashika.

Binadamu hakuna.

Avril alipiga simu Weston. Iliita muda mrefu. Ilipopokelewa hakusikia salamu, alisikia maji yakivuta na kurudi kwenye kokoto, na nyuma yake kengele ya shaba ikigongwa, ile ya kuwaita wageni chakulani.

"Chumba chenu kiko tayari, Bibi Tarrant," ilisema sauti. "Kile kile."

Akaikata. Alipopiga tena alipokea kijana mchangamfu wa Weston, akaandikisha chumba vizuri. Avril hakumwambia mumewe. Moyo wa Hedley haukuwa wa kubebeshwa mambo.

Tangu hapo nyumba ikaanza kunuka mwani. Avril alisugua mabomba, akafungua madirisha, harufu ikazidi. Mchanga ulijaa ndani ya ndara zake, akaukung'uta, akaukuta tena. Shakwe, ndege wa baharini, alilia ndani ya dohani ya sebule, na Kettering hakuna shakwe. Na mkoba wa safari, ambao Avril aliuacha mtupu juu ya kabati, aliukuta kando ya mlango wa mbele, umefungwa vifungo vyote, ngozi yake imelowa.

"Wewe ndiye umeupanga?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilidhani ni wewe," alisema Hedley. "Umepangwa vizuri."

Safari waliianza mchana. Hedley aliendesha, maana njia zote za nchi ile anazo kichwani, na njia ya magharibi ndiyo anayoijua zaidi. Walikula sandwichi za jibini wakiwa wanakwenda. Avril ndiye aliyeona kwanza.

"Mzee. Jua."

"Jua limefanya nini?"

"Saa hizi ni alasiri. Tunakwenda magharibi. Mbona jua liko mgongoni?"

Hedley alitazama kioo, akatazama mbele, akameza mate. Ukungu ulikuwa unatambaa juu ya mashamba ya kabichi, mweupe, mzito, unanuka chumvi. Akageuza gari kwenye mzunguko, jua likaja usoni, wakashusha pumzi. Na walipokwisha kuipita kona ya barabara, jua lilikuwa mgongoni tena. Kibao kikatokea ukunguni: Thornsea Inawakaribisha.

"Sijawahi kupotea," alinong'ona Hedley. "Na abiria hamsini nyuma, sijawahi."

Walisimama kwenye duka la samaki na chipsi, mlango pekee uliokuwa na taa. Muuzaji, jamaa mnene mwenye aproni, alikuwa anapangusa kaunta.

"Barabara ya kutoka mjini ni ipi, kaka?" aliuliza Avril.

"Iliyowaleta, mama. Mjini hapa ipo hiyo hiyo. Mlikuwa mnakwenda kwa nani?"

"Si kwa mtu. Mwaka jana tulilala kwa Bibi Mapplebeck."

"Maskini! Kafariki baada ya mwaka mpya. Alikuwa kaketi sebuleni, kavaa nguo zake nzuri, meza zimeandaliwa. Alikuwa anangoja wageni, na wageni hakuna. Nyumba imepigiwa mbao." Akawatazama vizuri. "Mmependezwa na mji wetu?"

"Sana," alisema Hedley kabla mkewe hajamkanyaga mguu. "Mji mzuri sana."

Waliifuata barabara iliyowaleta. Ikawapeleka mbele ya nyumba ya Bibi Mapplebeck. Wakageuka, wakafika mbele ya nyumba ya Bibi Mapplebeck. Wakarudi nyuma kinyumenyume, Hedley kageuza shingo, Avril kafumba macho, na alipoyafumbua taa ya gari ilikuwa imemulika lango lile lile, ila safari hii mbao hazikuwepo madirishani, mapazia yalikuwa yameoshwa, na mlangoni alisimama mwenye nyumba, mikono imefumbatwa kifuani, maji yakidondoka kwenye ncha za vidole vyake.

"Mmechelewa," alisema. "Chai nimeshamimina."

"Usishuke," alinong'ona Avril. "Hedley, usishuke!"

"Lakini ameshamimina, mke wangu."

Hapo ndipo ujue Mwingereza ni mtu gani. Atamkimbia simba, atamkimbia mdai, lakini chai iliyokwisha kumiminwa kwa jina lake hataikimbia. Hedley alikuwa ameshavua kofia na amekanyaga kizingiti, na Avril, ambaye angeweza kukaa garini akiwa hai, alimfuata.

Mlango ulijifunga nyuma yao bila kishindo, kama mdomo.

Chumba cha kulia kilikuwa kimejaa. Kila meza ilikuwa na watu wawili wawili, wamevaa nguo za likizo za miaka mbalimbali, kofia za majani, mitandio, magauni ya maua ambayo hayashonwi tena, na wote walikuwa wamelowa, na hakuna aliyekuwa anazungumza. Ilisikika migongano ya uma na sahani tu, na chini ya migongano hiyo, ndani ya kuta, bahari. Hedley na Avril walikalishwa meza ya katikati. Mbele yao yaliwekwa mayai yanayoogelea.

Bibi kizee wa meza ya jirani aliinama. Ngozi yake ilikuwa imekunjamana kama ya vidole vilivyokaa majini.

"Na ninyi mlimwambia mtarudi?" alinong'ona.

"Tulikuwa tunasema tu," alijibu Avril.

"Sote tulikuwa tunasema tu, kipenzi."

Kengele ikagongwa. Bibi Mapplebeck alianza kupita meza hadi meza, na nawaambia yule hakuwa Bibi Mapplebeck. Marehemu alikwenda zake, na aliyevaa ngozi yake alikuwa kitu kilichotoka baharini kikasikia ahadi zote zile zimeachwa mlangoni hazina mwenyewe, kikaziokota. Kila meza aliuliza, "Kila kitu sawa?" na kila meza ilijibu, "Kizuri sana, asante," na kila jibu lilipotoka maji yalipanda kidogo zuliani, baridi, yakiwa na vipande vya mwani, yakafika kwenye viatu, yakafika kwenye soksi, na Avril alipogeuka kutazama mlango walioingilia aliona ukuta, karatasi ya maua ya waridi imebandikwa kutoka pembe hadi pembe bila kiungo, wala dirisha halikuwepo, wala dohani, na yule kiumbe alikuwa ameshafika kwao, ananuka kabichi iliyochemka na kina cha bahari, ameinamisha shingo yake ndefu kupita kiasi.

"Kila kitu sawa?"

"Kizuri sana, asante," alisema Hedley, na midomo yake ikageuka rangi ya samawati, rangi ile ile aliyokuwa nayo kati ya vitunguu, na mkono wake ukapanda kifuani.

Ndipo Avril alipoelewa. Haikuwa kufuli iliyowafunga mle, wala ukungu. Ilikuwa adabu. Na ufunguo wake aliujua, nao ulikuwa mchungu kuliko kifo, kwa kuwa maishani mwake, yeye aliyekemea watoto elfu, hakuwahi kumlalamikia mwenye nyumba usoni. Mama yake hakuwahi. Bibi yake hakuwahi. Alishika ukingo wa meza.

"Samahani," alisema. "Samahani sana... lakini hapana."

Uma zote zilisimama.

"Hapana nini?" alisema kiumbe kwa upole.

"Si sawa. Yai linaogelea kwenye mafuta." Sauti ilimtetemeka, kisha ikapata miguu. "Na mwaka jana liliogelea pia! Kitanda chako kimelowa, mito yako ni mawe, na kumtoa mgeni nje mvua inanyesha ni uchawi! Nilikudanganya mlangoni. Nilisema nimefurahi, sikufurahi hata kidogo. Nilisema nitarudi, na sirudi. Sirudi mwakani, sirudi milele, mimi wala mume wangu!"

Wageni wale, waliokaa na jini muda wote bila kupiga kelele, ndipo walipopiga kelele. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa aibu. Kengele ilianguka majini. Shingo ndefu ikafupika, macho yakaingia ndani, na karatasi ya maua ikapasuka kutoka juu hadi chini. Nyuma yake ulikuwepo mlango, na nyuma ya mlango, ukungu umefunguka, nyota zinaonekana.

"Inuka!" Avril alimvuta mumewe mkono. "Inuka, mzee, twende!"

Alikimbia hadi garini. Alipogeuka, Hedley alikuwa bado kizingitini, anavaa kofia yake. Kiumbe alikuwa amejikunja kando ya mlango akawa kibibi kidogo kilicholowa, analia, mabega yanatikisika. Hedley aliinama, akakipigapiga mkono. Midomo yake ilisogea. Kisha akaja.

"Umemwambia nini?"

"Nimemuaga tu, kama mgeni yeyote anavyoaga."

Barabara iliwapeleka moja kwa moja Kettering.

Asubuhi Avril alichemsha maji. Akamimina vikombe viwili, akaonja chake. Chai. Chai safi, nzito, yenye maziwa, kama Mungu alivyokusudia. Alicheka peke yake huku machozi yanamtoka. Nyumba ilinuka sabuni. Dohani ilikuwa kimya.

Hedley, upande wa pili wa meza, alikunywa chake polepole mpaka kikabaki funda la mwisho.

"Ya kwako vipi?"

"Nzuri sana, mke wangu."

Midomoni mwake kulikuwa na chumvi iliyokauka. Avril alinyoosha mkono, akachukua kikombe kile, akaonja lile funda. Lilikuwa bahari. Chini kabisa, mchanga ulikuwa umetulia.

"Hedley." Alipiga magoti mbele yake, akamshika uso kwa mikono miwili, mashavu yalikuwa ya baridi. "Nisikilize. Sema ni mbaya. Sema mara moja tu. Sema, 'Chai hii mbaya, siitaki, na kule sirudi.'"

Hedley alimtazama kwa macho yale yale ya upole. Alifungua mdomo. Alijaribu, wallahi alijaribu, mishipa ikamsimama shingoni, jasho likamtiririka usoni, na lilipomfika mdomoni aliliramba.

"Ni..." alisema. "Ni..."

Ndani ya dohani, kengele ya shaba iligongwa.

"Ni nzuri, mke wangu," alisema Hedley. "Asante."