Uzito wa Nyuma Kushoto

Lilibaki gurudumu moja tu kati ya Kadenge na udongo wa mkewe.

Udongo wa kula, ule wa vipande vikavu unaouzwa kando ya barabara pale Magongo. Mweri alikuwa na mimba ya miezi saba na aliutaka leo, si kesho. Kadenge angemletea hata mlima mzima. Mimba mbili zilikuwa zimeshatoka kabla ya hii, na daktari alisema wazi kwamba mama huyu asirushwerushwe barabarani. Sasa tazama maajabu ya dunia. Kadenge alikuwa fundi wa springi hapo Changamwe, mtu wa kutuliza magari ya watu, na gari lake mwenyewe lilikuwa limekatika springi ya nyuma. Kila shimo lilikuwa kilio. Kinyozi hajinyoi.

Ndiyo maana macho yake hayakubanduka kwenye gari la Clifford.

Clifford alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini Kipevu, mtu wa bara, shati safi. Gari lake lilikuwa dogo, la milango mitano, lakini injini yake ya mbio. Alileta maboksi mazima mazima: shoki za kompyuta, zile zinazojikaza na kujilegeza zenyewe kufuata barabara, visanduku vyake vya umeme, na springi mpya nyekundu. Zile alizotaka zitolewe hazikuwa na ubaya wowote. Tena gari kuukuu la Kadenge lilikuwa ndugu wa lile, ukoo mmoja, ila upande wa maskini. Springi zingeingia bila kupigwa hata nyundo. Na desturi ya gereji inajulikana: chuma kilichotolewa ni cha fundi, mwenye gari asipokidai.

"Mbona umesimama huko getini, bosi?" Kadenge aliuliza. "Karibu uone kazi."

"Niko sawa hapa, fundi. Maliza tu."

Jua lilikuwa limeshazama. Kabla ya kuanza kazi mchana ule, Kadenge alichomeka mashine ya kupimia. Gari la namna hii lina sensa kila kona, na sensa hueleza kona imebeba uzito gani. Kona tatu zilisema hazina kitu. Ya nyuma kushoto ilisema imebeba mtu.

Kiti kilikuwa kitupu.

Akapima kwa mkono, kama alivyofundishwa, nafasi iliyo kati ya tairi na madigadi. Kulia viliingia vidole vinne. Kushoto hakikuingia hata kimoja. Sensa imekufa, akajiambia. Lakini kidole hakina sensa. Alilijua hilo akalipuuza, maana mtu mwenye haraka hujidanganya kwa raha zake.

Sasa alipiga jeki kona hiyo ya mwisho, akalegeza nati, akaivuta springi.

Harufu ilimfikia kwanza.

Maziwa. Maziwa ya mama, yaliyolowa kwenye kanga, yakaachwa na joto la Mombasa hadi yakachacha na kuota ukungu. Kadenge alibana pua. Juu ya springi, ndani ya mpira wake, palikuwa pameshindiliwa kitu. Akakichokoa kwa kidole. Kilikuwa laini, cha mafuta, cheusi... na kilikuwa vuguvugu, ingawa gari lilizimwa tangu mchana. Kiligandamana na nywele, zile nywele nyororo za mtoto mchanga. Katikati mlikuwa na vitu vidogo vyeupe. Akadhani ni punje za mchele. Akavisugua kwa kidole gumba.

Meno.

Meno ya utotoni. Mengine yalikuwa bado na wekundu kwenye shina.

Kadenge alitapika hapo hapo kando ya jeki. Alipomaliza akajifuta mdomo kwa kiwiko, akajiambia ni kiota cha panya. Panya! Labda panya wa huko kwao Clifford hung'oa watoto meno.

"Kuna uchafu huku, bosi!" akaita.

"Ni matope tu," Clifford akajibu kutoka getini. Hakuuliza uchafu gani.

Kadenge alifunga springi nyekundu na shoki mpya, akateremsha gari. Vidole vinne kulia, vinne kushoto. Mashine ikasema kona zote hazina kitu. Hapo ndipo Clifford alipolisogelea gari lake, polepole, akalishika bodi kwa kiganja. Machozi yalimlengalenga.

"Hizo springi za zamani chukua, fundi."

"Ahsante sana, bosi."

"Ahsante haitoshi." Sauti yake ilishuka ikawa mnong'ono. "Sema umepokea."

Kadenge alicheka. Watu wa bara wana mambo yao. "Haya, nimepokea, bosi. Kwa mikono miwili."

Clifford aliondoka bila kugeuka nyuma.

Ule uchafu Kadenge aliuchoma pamoja na matambara. Mikono aliiosha kwa petroli, kisha kwa sabuni, kisha kwa mchanga na ndimu. Harufu ilibaki chini ya kucha. Alipofika nyumbani na udongo wake alikaa mbali na mkewe, kwa kuwa Mweri siku zile alikuwa akitapishwa na harufu ya chochote, hata ya samaki wa jirani.

Mweri akanyanyua kichwa.

"Umeshika nini leo?"

"Grisi tu, mama."

"Hebu lete mkono." Akauvuta hadi puani, akafumba macho. "Mh... Inanukia vizuri."

Akavinusa vidole kimoja baada ya kingine, taratibu. Kisha, kabla Kadenge hajauondoa mkono, akatoa ulimi akakiramba kidole gumba.

Kadenge aliunyakua mkono. Mtu mwingine angezitupa zile springi usiku ule ule. Lakini yeye aliwazia barabara ya Mikindani na mashimo yake, akawazia tumbo la mkewe, akasema mimba ina vituko vyake. Si tamaa ya chuma iliyomponza. Alitaka mtoto. Asubuhi akazifunga.

Na gari likatulia, usiseme! Jioni alimfuata Mweri kwa dada yake Mikindani. Walirudi wakiteleza juu ya mashimo kama hayapo. Mweri alikaa mbele, kushoto, na kabla hawajafika barabara kuu alikuwa amelala. Mfuko wa udongo ulikuwa kiti cha nyuma. Giza lilianza kuingia, na malori ya bandarini yalikuwa yameshawasha taa.

Krachu.

Kadenge alimtazama mkewe. Mdomo wake ulikuwa umefumba.

Krachu... krachu... krachu.

Udongo ulikuwa unatafunwa. Unatafunwa kwa meno madogo, kwa uroho, na mate mengi. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa garini ikamkaba. Akatazama kioo. Nyuma hapakuwa na mtu. Mfuko ulikuwa umefunguliwa, na kitambaa cha kiti cha kushoto kilikuwa kimebonyea.

Fundi wa springi hulisikia gari kwa makalio. Kadenge alisikia kona ya nyuma kushoto imelemewa vilevile kama gari la Clifford lilivyokuwa. Akataka kusali, maneno yakamkimbia.

Kutafuna kukakoma.

Kisha kona ya nyuma ikaanza kupanda. Taratibu... taratibu... springi ikipumua. Na kona ya mbele, pale alipolala Mweri, ikaanza kushuka.

Uzito ulikuwa unahama kiti.

Tairi la mbele likakwaruza madigadi. Mweri, usingizini, alitanua mikono, kama mama anayemwita mtoto aliyejifunza kutembea juzi. Halafu akaikunja kifuani.

"Njoo," akanong'ona.

Kadenge alipiga breki hadi lori la nyuma likapiga honi kwa hasira. Akamtikisa mkewe. Mweri alifumbua macho akatabasamu, akasema ameota vizuri. Walipofika nyumbani alishuka, na gari likainuka. Kadenge aliinama gizani akapima kwa vidole. Kona zote zilikuwa sawa. Alikuwa amemwomba Mungu aikute moja imelemewa, yoyote ile, maadamu kile kitu kimebaki garini.

Asubuhi alizifungua zile springi akafunga chakavu alizoazima, akaenda Kipevu. Alimkuta Clifford kwenye foleni ya malori, akazibwaga miguuni pake.

"Vyuma vyako hivyo."

Clifford hakuziangalia. Aliangalia jinsi gari la Kadenge lilivyosimama.

"Limekaa sawa," akasema. Rangi ikamtoka usoni. "Fundi... nyumbani unaishi na nani?"

"Na mke wangu. Ana mimba."

Clifford akashika kichwa. Kwenye mwanga wa jua Kadenge aliona kitu ambacho hakukiona gereji: bega la kushoto la yule mtu lilikuwa limeshuka, kama la mchukuzi wa soko la Kongowea aliyebeba magunia miaka na miaka.

"Ni kitu gani?" Kadenge aliuliza.

"Sijui. Kilikuwa cha mama yangu. Alipokufa nilikikuta garini, mahali nilipoweka mkoba wake. Nimekitupa majini, kesho yake nimekikuta pale pale. Hakitoki mpaka mtu akipokee."

"Kinataka nini?"

"Hakiui mtu, fundi, haki ya Mungu. Kinataka kubebwa tu."

"Basi kichukue!"

"Hizo sasa ni springi tu." Clifford alisema kwa sauti ndogo. "Kimeshampata wa kukibeba."

Kadenge alimtemea mate kifuani, kwenye lile shati safi. Clifford hakujifuta. Alikuwa amepona, na aliyepona hajali mate. Kadenge aliuchukia uso ule kuliko alivyouchukia ule uchafu wenye nywele.

Kanisani waliombewa. Mweri aliitikia amina kuliko wote. Tumbo lilikua, yeye akawa anatembea ameegemea kushoto, na jikoni alificha kikombe cha maziwa hadi yagande ndipo ayanywe. Kadenge aliyamwaga. Kesho yake alikuta kikombe kingine. Lakini usiku, alipoweka mkono juu ya tumbo, mtoto alipiga teke, na Kadenge alilia kwa furaha. Wale wawili wa kwanza hawakuwahi kufika kupiga teke.

Siku ilipotimia alimpeleka hospitali mchana kweupe. Alingoja kwenye benchi hadi mlango ukafunguliwa, akatoka muuguzi aitwaye Janice, amebeba furushi la kanga.

"Hongera, baba. Msichana."

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Mama pia." Janice akamhamishia mtoto mkono wa pili, akakunja uso. "Mdogo, lakini ajabu, mzito. Nimempima mara mbili. Mizani inasema kawaida, mikono yangu inakataa."

Harufu ilitoka kwenye kanga ikamfikia. Aliijua. Mtoto alipiga mwayo, na kwenye ufizi wa juu kulikuwa na kitu kama punje ya mchele.

"Wengine huzaliwa na jino," Janice alisema haraka. "Wazee watakuambia ni kijego, mtoto wa mkosi. Usiwasikilize. Pokea basi, baba, mikono inaniuma."

Kadenge alirudi nyuma hatua moja. Mlango ulikuwa wazi nusu.

"Amempokea?" Sauti ya Mweri ikatoka ndani, ya mtu aliyechoka, ya mtu anayeogopa jibu. "Dada, baba yake amempokea?"

Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kuondoka. Mtoto alikuwa akimtazama kwa macho meusi yaliyotulia, na alikuwa na masikio ya marehemu mama yake Kadenge, yale yale. Huyu alikuwa wake. Na kile kitu kilikuwa humo humo. Wapi pa kuwatenganisha?

Akanyoosha mikono.

"Nimepokea," akasema. "Kwa mikono miwili."

Mtoto alilaza kichwa kwenye bega lake la kushoto, akashusha pumzi, akatulia. Bega likashuka. Janice alinyoosha mgongo kama mtu aliyetua gunia, akaenda zake upesi bila kugeuka nyuma.