C57 Haishibi Makaa

Bilha alipotoka duka la dawa pale barabara ya Rockville Pike, ughaibuni, jioni ile ya Novemba 1998, jua lilikuwa limeshazama. Alikuwa amemnunulia mzee Morita nepi na dawa ya kifua. Sikujua, Mkongomani aliyepokezana naye zamu ya kumtunza mzee huyo, alikubali kubaki hadi arudi.

Alifungua mlango wa nyumba ya mzee. Harufu ikampiga puani.

Makaa ya mawe.

"Sikujua?"

Kiti cha magurudumu kilikuwa kitupu, juu ya ngazi za kushukia besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Tangu Bilha amfahamu mzee Morita, hakuwahi kumwona akisimama.

Kule chini kitu kilikuwa kinapumua. Chaf... chaf... chaf...

Alishuka hadi katikati ya ngazi, akachungulia. Ujanani, kwao Japani, mzee alikuwa mchochea makaa wa C57, aina ya vichwa vya garimoshi vilivyovuta mabehewa ya abiria. Uzeeni alijiundia mfano wake wa chuma, mkubwa kama sanduku la nguo, na watunzaji wake waliupangusa vumbi kila siku. Haukuwahi kuwashwa mbele yao. Sasa tanuri lake lilikuwa jekundu, magurudumu yakizunguka palepale.

Mzee alikuwa amesimama wima, beleshi mkononi.

Sikujua alikuwa kifudifudi sakafuni. Mikono yake yote miwili ilikuwa imezama ndani ya kijimlango cha tanuri, kijimlango kisichotosha hata ngumi. Kilikuwa kinamvuta. Polepole... mpaka mabegani. Nywele zikaanza kunuka.

"Dada Bilha," alinong'ona. "Univute miguu. Nakuomba."

Mzee aligeuka.

"Wakati wa vita makaa yalituishia njiani," alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chai. "Abiria walikuwa wengi. Nikamtia dereva wangu tanurini. Tangu hapo C57 haishibi makaa, hata hii ndogo."

"Mwachilie, mzee."

"Mshike miguu basi. Itawameza nyote wawili."

Miguu ya Sikujua ilikuwa ikipigapiga saruji. Bilha angeifikia kwa hatua chache tu.

Akapanda ngazi. Akafunga mlango. Akautia komeo.

Polisi aliowaita walimkuta mzee kitini mwake, besimenti safi. Sikujua hakuwa na karatasi za kuishi nchini, wakasema. Watu wa namna hiyo huhama bila kuaga. Hakuna aliyemtafuta tena.

Bilha aliacha kazi, akajifungia kwenye nyumba yake Silver Spring. Jioni moja simu ikalia.

"Sina wa kunitunza," mzee alisema. "Inapoa. Ikipoa, hutoka kutafuta."

Nje, mtaani kusiko na reli, filimbi ya mvuke ikalia.

Ikalia tena, karibu zaidi. Vikombe vikatetemeka kabatini.

"Nitumie mtu, Bilha. Mwenye nguvu."

Kwenye kochi alikuwa amekaa Ghati, rafiki yake wa tangu shuleni, aliyewasili majuzi kutoka nyumbani, Migori. Alikuwa akisuka nywele zake, hana habari. Bilha alifunika simu kwa kiganja.

"Bado unatafuta kazi?"

"Sana. Umenipatia?"

Bilha aliondoa kiganja. "Anakuja kesho," alimwambia mzee.

Filimbi ikanyamaza.

Ghati alimkumbatia huku machozi yakimlengalenga. "Mungu akubariki, dada. Nisingejua nifanye nini bila wewe." Akajipangusa uso. "Nibebe sweta? Hizi baridi za huku bado sijazizoea."

"Usijisumbue," Bilha alisema. "Nyumba ile ina joto."