Buibui Juu ya Jiwe la Ghalani

Nyumbani kwetu ng'ombe ndio wanaotuamsha. Wao wako chini ya nyumba, zizini, sisi tuko juu, na wakianza kulalamika hakuna anayelala tena. Mimi huwasha moto na kubandika mikate ya mahindi. Mjukuu wangu Ekain hushuka kuwapa majani, kisha hupanda na ndoo ya maziwa, tunakula pamoja, naye huenda darajani kungoja basi la shule. Ndiyo desturi yetu tangu wazazi wake walipoanza kazi ya zamu kiwandani, kule bondeni.

Lakini majira yale ya baridi maziwa yalianza kuchelewa. Asubuhi moja nikatoka jikoni kumtafuta. Kumbe yuko ukumbini, mbele ya kioo cha marehemu mama mkwe wangu! Amevua sweta kwenye baridi ile, amekunja mkono, anautazama msuli kama kuku anayetazama yai lake.

"Ekain! Mkate unapoa."

"Nakuja, bibi. Hebu angalia kwanza. Umeongezeka?"

"Nini kimeongezeka?"

"Huu hapa! Jana haukuwa hivi."

"Naona mkono wenye baridi. Vaa sweta."

Tulicheka wote wawili, lakini nilijua kidonda chake kilipo. Kwetu sisi Wabaski, huku kwenye milima ya Ulaya, kuinua mawe ni mchezo, kama mpira ulivyo kwa wengine. Unalitoa jiwe chini, unalipakata mapajani, unalipandisha kifuani, unalifikisha begani, kisha unaliachia lianguke juu ya godoro. Katika sherehe ya kijiji ya Juni iliyotangulia Ekain aliinua vizuri kwa umri wake. Lakini alikuwa mwembamba, na mvulana mmoja wa kijiji cha jirani akapaza sauti: "Oneni mikono ya huyo! Miti ya kuegemezea maharage!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo shuleni wakamwita Mti-wa-Maharage, na mtoto wa miaka kumi na mitatu hasahau neno kama hilo.

Basi Krismasi ilipofika akaja binamu yake Oier, anayeishi mjini, pwani. Oier ni mtunisha misuli. Mabega yake ni mapana hata mlango wangu huuingia kwa ubavu. Ni kijana mpole, anaosha vyombo bila kuambiwa. Ekain alimganda kama kupe.

"Kaka Oier, nifundishe niwe kama wewe."

Oier akamwachia vyuma vyake vidogo vya zamani. "Unachukua chepesi, unainua mara nyingi, taratibu, mpaka msuli uwake moto," alimwambia. "Leo mikono, kesho kifua, keshokutwa mgongo. Na miguu usiisahau, dogo."

Ekain aliisahau miguu. Nitawaambia kwa nini. Kile kioo cha ukumbini kinaishia kiunoni. Mtoto alifanyia mazoezi kile alichokiona, na asichokiona akakiacha.

Kila Jumamosi walifundishwa na Mzee Martzel, aliyekuwa bingwa wa mawe enzi zake. Sasa ana tumbo kama pipa la maji ya tufaha, na watoto humtania kwamba amemeza jiwe lake la mwisho. Mazoezi hufanyika kwenye uwanja wa mpira wa ukutani, kando ya kanisa. Katika sherehe ya Juni watoto hushindana wawili wawili, wakipokezana jiwe moja, na jozi inayoinua mara nyingi zaidi kabla ya filimbi ndiyo hushinda. Mwenzake Ekain alikuwa Izaro, binti wa watengeneza jibini. Ni mfupi kuliko Ekain, na mikono yake ni ya kawaida tu, hutaitazama mara mbili. Lakini mwezi wa Julai angetimiza miaka kumi na minne, na mwaka unaofuata angehamia kundi la wakubwa. Hii ilikuwa sherehe yake ya mwisho na watoto, na bila mwenzake hana jozi, na bila jozi haruhusiwi kushindana.

Martzel aliwainulisha jiwe zito mara tatu tu, kisha akawakalisha kwenye benchi mpaka mioyo itulie.

"Mwalimu, tunakaa kuliko tunavyoinua!" Ekain alilalamika. "Hata jasho halijatoka."

"Jasho si mizani, mwanangu. Anayetafuta nguvu huinua kizito akiwa amepumzika, kwa mwili wote, na kwa adabu. Miguu kwanza, kiuno kifuate, mikono ni kamba ya kushikia tu."

"Kamba!" Ekain alinong'ona, akiutazama msuli wake kwa huzuni, kana kwamba umetukanwa.

Martzel alimpa na kazi ya nyumbani. Ghalani kwetu lipo jiwe dogo alilojifunzia marehemu mume wangu utotoni. Ekain alitakiwa kulipakata na kusimama nalo, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kila jioni wakati wa chakula nilimuuliza, "Umelisalimia jiwe?" Naye alijibu huku ameinamia bakuli la maharage, "Nimelisalimia, bibi."

Mwezi wa Machi kuku wangu mmoja alianza ukaidi wa kutaga mafichoni. Nikamfuata ghalani, nikaangaza nyuma ya jiwe. Mayai niliyaona. Nikaona na utando wa buibui, umefumwa kutoka kichwani mwa jiwe mpaka ukutani. Ulikuwa mzito kwa vumbi, umejaa nzi waliokauka. Utando wa namna hiyo si kazi ya usiku mmoja.

Nikaokota mayai yangu, nikanyamaza. Nilitaka aniambie mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata Martzel aliwapa watoto jiwe la sherehe, lile la kushindania, ili walijaribu, nami nikaenda kutazama. Kabla ya kuinua, mtu hujifunga mshipi. Ni kitambaa kirefu sana. Mwenzako anashika ncha moja na kuikaza, nawe unajizungusha kumwendea mpaka mshipi ukubane kutoka kiunoni hadi mbavuni. Izaro alijizungusha kama pia ya kuchezea. Akapaka mikono unga wa utomvu ili jiwe lisiteleze, akachuchumaa, jiwe likapanda mapajani, kifuani, begani. Puu! Likaangukia godoro.

Ekain alikuja na fulana isiyo na mikono, ingawa milimani theluji ilikuwa bado haijayeyuka.

"Mshipi wako uko wapi?" Martzel aliuliza.

"Sihitaji, mwalimu. Unanibana, na unaficha... unanibana tu."

"Kama ni hivyo usiguse jiwe. Mgongo hauuzwi dukani."

Ekain akafungwa mshipi huku amenuna. Akalikumbatia jiwe, akalivuta kwa mikono, miguu imenyooka kama ya korongo. Lilifika magotini. Misuli yake ilitutumka, nayo ilipendeza kweli, siwezi kusema uongo. Kisha ikaanza kutetemeka, na jiwe likamponyoka, likatua shubiri moja tu kutoka kidole chake cha mguu.

Martzel alimsogeza pembeni, akamkagua miguu kwanza. Ndipo akauliza, "Nyumbani unafanya nilichokuambia?"

"Nafanya, mwalimu! Sijakosa hata siku moja. Muulize bibi."

Wote wakanigeukia. Kumuumbua mjukuu wangu mbele za watu sikutaka, na kusema uongo kwa ajili yake sikuweza.

"Mimi ghalani hufuata mayai," nikasema. "Habari za jiwe atazisema mwenye jiwe."

Ekain aliinamisha kichwa.

Izaro alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mimi nimeinua mvua ikinyesha, nimeinua mikono imekufa ganzi. Kama hutaki kuwa mwenzangu, ungeniambia mapema nitafute mwingine!" Akachukua koti lake, akaenda zake.

"Pasaka ikifika na jiwe halijafika begani," Martzel alisema kwa upole, "itanibidi niondoe majina yenu. Sitamweka mtoto jukwaani avunjike."

Tulipanda kilima kurudi nyumbani. Jikoni nikamkatia jibini, nikaketi mbele yake.

"Kitendawili."

Alinitazama kwa mashaka. "Tega."

"Fundi wangu ni mwoga. Hajengi palipo na mtu."

Alifikiri. "Ndege?"

"Ndege hujenga hata juu ya kengele za kanisa. Nenda ghalani, utazame jiwe la babu yako. Jibu liko pale, linakula nzi."

Alikwenda. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa na maji.

"Buibui," alisema.

"Umepata."

"Ulijua, bibi. Mbona hukusema?"

"Uongo ulikuwa wako, mwanangu. Na mwenye mzigo ndiye anayejua pa kuutua."

Basi akautua. Kumbe tangu Krismasi hakuligusa lile jiwe hata mara moja. Muda wote wa mazoezi aliutumia mbele ya kioo. "Jiwe halinifanyi nionekane na chochote," alisema huku analia. "Nikiinua jiwe, nabaki vilevile. Nikiinua vyuma vya kaka Oier, mkono unavimba palepale. Nilitaka Juni nikipanda jukwaani wasinicheke."

Nilimfuta uso kwa aproni yangu. Nani hajawahi kutaka asichekwe? "Nimekuelewa," nikamwambia. "Lakini yule aliyekucheka humjui hata jina. Izaro unamjua. Nani anakudai jibu?"

Hakumaliza jibini. Alivaa koti, akateremka mwenyewe mpaka kwa watengeneza jibini, kisha kwa Martzel. Alichowaambia sikukisikia. Izaro ndiye aliyenisimulia baadaye, huku anacheka: "Bibi, alisimama mlangoni kama kondoo aliyenyeshewa. Akasema, 'Nimekudanganya. Nipige, halafu nifundishe.' Sikumpiga. Nilimpa ndoo mbili za maziwa abebe."

Kuanzia hapo Izaro akawa anakuja kwetu. Utando wa buibui Ekain aliuondoa kwa mkono wake. Walianza na jiwe dogo, wakichuchumaa polepole, mgongo umenyooka, mara chache, kisha wanakaa juu ya majani makavu na kubishana.

"Sukuma ardhi kwa miguu! Unavuta kama mtu anayeng'oa karoti!"

"Na wewe unapiga kelele kama mnadani!"

Siku za kupumzika walipumzika kweli, na Ekain akajua kwamba kulala mapema na kumaliza bakuli la maharage nako ni mazoezi. Wiki chache baadaye aliniambia kwa mshangao, "Bibi, mikono haijaongezeka hata kidogo, lakini jiwe limekuwa jepesi!" Wiki ya Pasaka jiwe la sherehe lilifika begani kwake mara moja, kwa taabu. Martzel alikuna tumbo, akasema, "Majina yabaki."

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Mimi ndiye niliyeshika ncha ya mshipi. Ekain alijizungusha kunijia, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka akanifikia kifuani.

"Kaza, bibi. Kaza sana."

Izaro akainua, Ekain akainua. Izaro, Ekain. Wakati ulipokaribia kwisha zamu ilikuwa ya Ekain, na nikaona jiwe limekwama mapajani. Kutoka nyuma mtu akapiga kelele, "Mti wa maharage huo!" Wachache wakacheka. Nilimwona mtoto anaitazama mikono yake. Kisha akaacha kuitazama. Akatuliza pumzi, akakandamiza miguu yake chini, akainuka. Jiwe likapanda kama mkate unavyoumuka, likafika begani. Puu! Filimbi ikalia.

Walikuwa wa pili. Waliowashinda walikuwa wakubwa kwa umbo na walistahili. Izaro alimrukia Ekain shingoni, nusura wote wawili waanguke. "Wa pili! Na mimi nilidhani nitatazama tu kutoka kwenye meza yetu ya kuuzia jibini!"

Oier alikuwa amekuja kutoka mjini. Watu walipopungua akaomba kulijaribu jiwe la watu wazima. Martzel alimfunga mshipi, akamwelekeza. Jiwe lilifika mapajani likakataa katakata. Akaliachia, akacheka mpaka akakaa chini. "Mikono yote hii ni ya nini, jamani?"

Ekain naye akaanza kucheka, lakini Martzel akainua kidole.

"Usimcheke binamu yako. Mwili ule haukuja kwa bahati. Anakula vizuri, analala mapema, hakosi siku. Alitaka umbo, akalifanyia kazi, akalipata. Wewe ulitaka jiwe, ukalifanyia kazi jiwe, nawe umelipata. Kosa lako la majira ya baridi halikuwa vyuma vyake. Ulipanda vitunguu ukatarajia kuvuna viazi, kisha ukatuambia viazi vinaendelea vizuri. Mwili hulipa kile ulichoufanyisha, wala haudanganyiki. Binadamu wanaweza kudanganyika, nao ndio wanaoumia."

"Ndiyo, mwalimu," Ekain alisema. "Na samahani, kaka."

"Samahani ya nini? Mwakani nifundishe hilo jiwe," Oier alijibu. "Nami nitakufundisha kuosha vyombo."

Usiku ule, tukipanda kilima, Ekain alinishika mkono.

"Bibi, kitendawili."

"Tega."

"Wawili hubeba nyumba nzima, lakini wageni husifu dirisha."

Nilitaja nguzo, akakataa. Nikataja punda na ng'ombe, akakataa. "Umeshindwa, nipe mji!" akasema. Nikampa mji wa Oier, pamoja na pwani yake.

"Nimekwenda mjini, nimeoga baharini, nimekula samaki, nimerudi. Jibu ni miguu!"

Siku hizi maziwa hayachelewi tena. Na yule buibui aliyefukuzwa ghalani, juzi nimemwona amehamia ukumbini. Amefuma utando mpya kwenye pembe ya kioo cha mama mkwe wangu. Fagio ninalo, lakini nimemwacha kwanza.