Baiskeli ya Ndani Kabisa

Asubuhi ile ya Julai, stesheni ya Austerlitz ilifurika baiskeli utadhani Paris nzima inahama. Ndani ya behewa la baiskeli alisimama Solenn, muuza dawa kutoka Montreuil, kavaa gauni la maua ya manjano na raba nyeupe, akiwapanga abiria bila kutumwa na mtu.

"Unashukia wapi?" alimuuliza kila aliyepanda. Anayeshuka mbali hutundika baiskeli yake ndani kabisa, wa karibu hubaki mlangoni. Ukikosea hapo, safari nzima ni ugomvi.

Akapanda Aurélien, mwalimu wa kuogelea, mrefu, mikono ya shati la kitani kaikunja hadi kwenye viwiko. Yeye alikuwa anakwenda Blois kwa dada yake. Alipomwona Solenn, jasho likimmetameta puani, ulimi ukateleza.

"Wewe je, unashukia wapi?" akamrudishia swali.

"Saumur."

"Basi hata mimi Saumur," akasema, wakati Saumur iko mbele sana ya Blois.

"Haya, yako itangulie ndani, yangu ifuate. Na hiyo kengele imekufa kwa kutu, kaka. Ukitaka kumpita mtu njiani unakohoa?"

Aurélien akacheka, na moyo wake ukawa umeshakwenda.

Walikaa pamoja, wakala mkate wa Aurélien na matunda ya aprikoti ya Solenn. Wakataniana juu ya nani atamwacha mwenzake kwenye kilima cha kwanza. Kisha Solenn akamweleza kuhusu Régis, mchumba aliyeachana naye majira ya baridi.

"Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa akiniambia yuko kazini, kumbe yuko baa na wenzake. Angesema tu baa, ningemwambia nenda. Mtu anayenidanganya kwa vitu vidogo simwezi tena."

Mwanamume mwenye akili angesema ukweli palepale, achekwe, yaishe. Huyu wetu akachukua tunda jingine. Treni iliposimama Blois, Aurélien akamwona dada yake Honorine jukwaani na kofia yake pana, akainama kufunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa vizuri tu. Treni ikaondoka. Simu yake ikaita.

"Mbona hupokei?" Solenn akauliza.

"Aa, ni kazini."

Solenn akamtazama kidogo, akageukia dirishani. Haukupita muda akaja mkagua tiketi, mama mmoja mpole, akaishika tiketi ya Aurélien na kutikisa kichwa. Akamwambia kwamba safari yake iliishia Blois, kwa hiyo ashuke Amboise, kituo kinachofuata.

Solenn alikusanya matunda yake yaliyobaki. "Kumbe na wewe uko kazini," alisema.

Pale Amboise kukawa na kazi. Baiskeli ya mwongo ilikuwa ndani kabisa, na ili itoke ilibidi nyingine zote zishushwe. Abiria walinung'unika huku wakipokezana, ya Solenn nayo ikashushwa jukwaani, naye ameishika usukani bila kumtazama mtu. Simu ikaita tena. Safari hii Aurélien alipokea, akaiweka kwenye spika Solenn asikie.

"Uko wapi wewe? Kuku anapoa," Honorine alifoka.

"Niko Amboise. Kuna mtu nimempenda, nikamwambia naenda Saumur ili baiskeli zetu zitundikwe pamoja. Halafu nikaona haya kumwambia, nikamdanganya tena kwamba simu yako ni ya kazini. Sasa amekasirika, na ana haki."

"Mjinga wewe," dada yake akasema, sauti imeshuka. "Muombe msamaha."

"Nisamehe, Solenn," akasema Aurélien.

Baiskeli za watu zilikuwa zimerudi ndani. Filimbi ikalia. Mkagua tiketi akanyoosha mikono kuipokea ya Solenn, iliyobaki peke yake. Solenn alitazama ile mikono, akatazama tairi lake la mbele. Hakuitoa. Milango ikafungwa, treni ikaenda zake Saumur.

"Nitakuuliza mara moja tu," alisema, macho yamemlenga. "Unashukia wapi?"

"Blois. Kwa dada yangu. Saumur sijawahi kufika hata siku moja."

Solenn akapanda baiskeli yake, akaigeuza kuelekea Blois.

"Mpigie Honorine," alisema. "Mwambie tuko wawili, na kuku ampashe moto jioni."