Ruhusa Kutoka Baharini

Minara mitatu ya chuma ilizunguka juu ya sitaha, mirefu kama maghorofa, ikivuma bila kupumzika. Meli haikuwa na tanga hata moja. Upepo wa kusi ulipoipiga minara ubavuni, mzunguko wake uliugeuza upepo kuwa nguvu ya kusukuma meli mbele. Usukani ulikuwa mikononi mwa Kiongozi, akili ya mashine iliyoisoma bahari kupitia setilaiti. Binadamu alikuwamo mmoja tu, mlinzi Chande Likunja, kwa kuwa sheria ilikataza meli kusafiri bila mtu.

Alasiri hiyo, huko Mtwara, Chande alitakiwa kumwozesha binti yake, Somoe. Lakini ramani ilionyesha meli ikielekea mashariki, imeipa nchi kavu kisogo.

"Kiongozi, Mtwara iko kusini."

"Najua, mzee. Karibu na pwani mkondo unakimbilia kaskazini, na upepo huu unauongezea kasi. Tukipita huko tutakuwa kama mtu anayepanda ngazi za umeme zinazoshuka. Huku nje mkondo umelegea, na upepo tunaupata ubavuni. Tutafika kesho."

"Tukikata moja kwa moja?"

"Keshokutwa."

Chande alikuwa na haki ya kumpokonya Kiongozi usukani. Aliitazama swichi, akaiacha. Hakuona wa kumlaumu; bahari haikuwa na habari ya harusi. Akampigia Mfaume, mdogo wake.

"Nakufanya wakili wangu, Mfaume. Mwozeshe wewe."

"Kaka, mbona kama uko ndani ya mashine ya kusaga?"

Huko harusini watu wakacheka. Kisha ikaja sauti ya shehe: "Bwana Chande, tumesikia mngurumo tu. Wewe ndiye walii, mwenye idhini ya kumwozesha binti. Mashahidi lazima waisikie ruhusa yako wazi."

Chande akageuka. "Kiongozi, simamisha minara."

"Hata huku nje mkondo utaturudisha nyuma. Na mafuta yaliyopo ni ya kuingilia bandarini."

"Acha uturudishe."

Minara ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu waondoke Mombasa, Chande alisikia maji yakigonga ubavu wa meli. Alivaa kofia yake, akasimama wima, ingawa hakuna aliyemwona.

"Mimi, Chande Likunja, nakuwakilisha wewe, ndugu yangu Mfaume, umwozeshe binti yangu Somoe kwa Athumani."

"Nimekubali," Mfaume akajibu, safari hii bila mzaha.

Shehe akaendelea. Baada ya kitambo, sauti nyembamba ya Somoe ikapenya: "Baba, umekula lakini?"

"Nimekula, mama."

Hakuwa amekula. Vigelegele vikalipuka.

"Niwashe minara, mzee?" Kiongozi akauliza.

"Bado."

Akaketi, akasikiliza vigelegele. Kwenye kioo, umbali wa kufika nyumbani ulikuwa ukiongezeka, taratibu, na yeye akauacha uongezeke.