Sabuni Ileile, Bei Mbili

Dobi alianza kazi kabla jua halijachomoza, kwa sababu maji ya bomba la mtaani yalitoka saa kumi na moja alfajiri na kukatika saa mbili asubuhi. Alikuwa na mabeseni matano, kamba sita za kuanikia, na mikono iliyobabuka hadi viwikoni. Alifua mashuka ya nyumba mbili za wageni, makoti ya wauza nyama, na nguo za makapera wasiojua hata kukamua soksi. Kwa siku alimaliza miche mitatu ya sabuni.

Sabuni yote aliinunua kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Shemeji alikuwa na duka la rejareja kando ya barabara, chumba kimoja chenye dirisha la nondo na kaunta ya mbao. Duka hilo lilimlisha yeye, mkewe, watoto wanne, na mama yake mzazi. Mama mkwe huyo wa Dobi alikuwa na macho mabovu. Alishinda mlangoni kwenye kiti, akimtambua kila mteja kwa sauti.

Mwaka ule sabuni ilipanda bei mara tatu. Kila ilipopanda, Dobi alinung'unika, Shemeji akasema, "Hata mimi sipendi," na maisha yakaendelea.

Kisha mdogo wake Dobi akaja kumtembelea. Huyu aliolewa nchi ya jirani, ng'ambo ya mpaka. Alileta zawadi ya miche kumi ya sabuni.

"Dada, hii mnanunuaje huku?"

"Elfu nne."

Mdogo wake alicheka, kisha akaona dada hacheki. "Mche mmoja? Kwetu, ukibadilisha kwa pesa zenu, ni elfu mbili. Karatasi ni hiihii, kiwanda ni hikihiki."

Dobi aliugeuza mche ule mkononi. Aliusoma mbele na nyuma, akaulinganisha na wake. Hakuona tofauti. Damu ikamchemka. Miaka tisa amekuwa akinunua kwa mtu wa nyumbani, kumbe mtu wa nyumbani anamnyonya.

Hakungoja hata kukausha mikono. Ilikuwa jioni ya mwisho wa mwezi, na foleni dukani ilifika barabarani. Dobi alipita mbele ya watu wote, akaiweka miche miwili juu ya kaunta.

"Huu umetoka ng'ambo, elfu mbili. Huu umetoka kwako, elfu nne. Nieleze."

Shemeji alishusha sauti. "Shemeji, ingia ndani tuzungumze."

"Ndani kuna nini? Sema hapahapa."

"Mimi nanunua kwa mwenye duka la jumla, naye..."

"Mwizi hakosi maneno," alisema Dobi. "Jamani, huyu ni mwizi. Ametuibia sote, na mimi ndugu yake ameniibia zaidi."

Watu waliguna. Mmoja akacheka. Mlangoni, mama mkwe aliuliza, "Ni nani huyo anayemtukana mwanangu?" Aliuliza, lakini sauti ile aliijua vizuri sana.

Neno lilitembea mtaa mzima. Watu walipita mbele ya duka wakaenda kununua mtaa wa pili. Baada ya miezi miwili Shemeji alifunga dirisha la nondo, akaenda kupakia magunia kwenye ghala la nafaka. Mume wa Dobi, fundi viatu, mtu asiyependa maneno, alisema mara moja tu: "Umemvua nguo mdogo wangu mbele za watu." Tangu siku hiyo alikula kimya.

Dobi alijipa moyo kwamba haki imetendeka. Shida ni kwamba duka la mtaa wa pili liliuza sabuni kwa elfu nne na mia mbili. Akasema basi, nitajifuatia mwenyewe ng'ambo.

Alipanda basi, akalala kwa mdogo wake, akanunua boksi zima la miche kwa bei ya elfu mbili. Alirudi akitabasamu hadi mpakani. Pale aliambiwa boksi zima ni biashara, alipie ushuru. Karatasi alizopewa hakuzielewa. Akaelekezwa kwa wakala wa forodha, mama mnene mwenye miwani, ambaye madereva walimwita Mama Mihuri.

"Mbona kitu kidogo hivi kinalipiwa?" Dobi aliuliza.

"Ni kitu kutoka nje, mama. Ushuru upo ili kulinda viwanda vya sabuni vya nchini kwenu."

"Sisi hatuna kiwanda cha sabuni."

"Hamna," alisema Mama Mihuri, akigonga muhuri. "Lakini ushuru upo."

Dobi alilipa. Mama Mihuri alimwonyesha dirishani malori yaliyopanga mstari.

"Lile la bluu limebeba sabuni ya kwenu. Leo ni siku ya tatu limesimama. Dereva anakula, mlinzi analipwa, na yote yataingia kwenye bei. Mbele kuna vizuizi vya barabarani, na wako wanaotaka chochote mkononi. Halafu likishusha mzigo litarudi tupu, maana kwenu hakuna mzigo wa kurudi nao. Kwa hiyo mnalipia safari ya kuja, na mnalipia pia lori tupu kurudi."

"Kumbe."

"Bado. Ng'ambo wanaouza sabuni hii ni wengi, wanagombania wateja. Kwenu mwenye kibali cha kuiingiza ni mmoja, nchi nzima. Akiamka akasema mwenye duka atalipa elfu tatu na mia saba, ndiyo hiyo. Nani atambishia?"

"Na mwenye duka dogo? Yule wa mtaani?"

"Anaongeza mia tatu. Hapo alipe pango, taa na kodi."

"Anabaki na nini?"

"Lawama," alisema Mama Mihuri.

Njiani kondakta alitoza boksi lile nauli. Kwenye kizuizi kimoja lilifunguliwa, na miche miwili ikabaki hukohuko. Dobi alipopiga hesabu ya gharama zote, kila mche uliofika nyumbani ulikuwa umemgharimu elfu nne na ushee. Alikuwa ghali kuliko yule aliyemwita mwizi.

Alimfuata Shemeji nyumbani kwake jioni hiyohiyo. Alimkuta jikoni anakanda bega kwa maji ya moto. Dobi alipiga magoti, akasema yote.

Shemeji alimsikiliza hadi mwisho. "Ulinitukana kwenye foleni," alisema. "Unaniomba radhi jikoni."

Dobi alipita nyumba kwa nyumba akaita mkutano. Siku ya kumwita mtu mwizi watu walijaa hadi barabarani. Siku ya kusema amekosea walikuja saba: wafuaji watatu, wapishi wawili, kinyozi, na mwalimu mstaafu. Hao saba aliwaeleza kila alichokisikia mpakani.

"Basi tusigombane na mtu wa mwisho," alisema mwalimu. "Twende kwa aliye juu."

Walianzisha chama cha wanunuzi. Waliandika barua kwenye ofisi inayosimamia ushindani wa biashara, wakauliza kwa nini kibali ni kimoja. Hawakujibiwa. Waliandika tena, na vyama vya mitaa mingine vikaandika. Ilichukua mwaka na zaidi, lakini vibali vingine viwili vilitolewa. Kisha chama kikawa kinaagiza mzigo mkubwa pamoja, badala ya kila mtu kuhangaika na boksi lake. Sabuni ikashuka hadi elfu tatu.

Walipanga chumba kilekile cha Shemeji, wakamwomba atunze bidhaa. Alikubali kwa sababu mama yake alihitaji kula. Kusimama kaunta alikataa. Kaunta alikaa Dobi, baada ya kufua, na Shemeji alipanga maboksi nyuma ya pazia.

Siku moja alikuja muuza nyama, mteja wa Dobi wa siku nyingi. Alinunua miche mitano, uso umejaa furaha.

"Mlifanya vizuri kumfukuza yule mwizi," alisema. "Tangu aondoke, ona bei ilivyokuwa ya kibinadamu."

Nyuma ya pazia, boksi lilitua chini.

"Hakuwa mwizi," alisema Dobi. "Nilimsingizia. Bei ilipandia kwa mwagizaji, na mpakani, na..."

"Wewe una moyo mzuri, mama. Ni shemeji yako, lazima umtetee." Akachukua sabuni zake, akaenda zake.

Shemeji alitoka na boksi begani. Aliipanga miche kwenye rafu, mmoja mmoja, maandishi yakitazama nje.

"Usijichoshe, shemeji," alisema. "Yamebaki maboksi tisa. Agizeni mapema."

Dobi alitaka kulia, na angelia. Lakini mteja mwingine alikuwa ameshafika kaunta, anauliza bei.