Sura Iliyomezwa na Kompyuta

Kila siku akitoka shule, Mkaidi alibadili nguo, akaosha vyombo, kisha akaketi mbele ya kompyuta kuukuu iliyokuwa pembeni ya cherehani ya mama yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu akishasema jambo harudi nyuma. Na safari hii alikuwa amesema ataandika hadithi kwenye mtandao, sura moja kila Ijumaa, mpaka iishe. Wenzake darasani walimcheka. Kompyuta yenyewe inakoroma, hadithi itatoka wapi? "Mtaisoma," akawajibu, akaenda zake.

Na kweli waliisoma. Ilihusu lifti iliyopanda mpaka ghorofa ambayo haikuwepo, na mama aliipitia kila sura kabla haijatoka. Watu wakanasa, hata wasiomjua. Tatizo lilikuwa ile kompyuta: ikipata joto, inajizima bila hodi. Sura ya tatu ilikwenda na maji hivyo hivyo, kwa kuwa hakuwa ameihifadhi. Mkaidi alilia kwa hasira, akawaeleza wasomaji yaliyompata, akaiandika upya kuanzia neno la kwanza. Wasomaji wakampa pole tele. Pole hizo, jamani, zilikuwa tamu.

Tena tamu kupita kiasi. Wiki iliyofuata alishinda akiruka kamba, akijiambia ataandika kesho. Kufumba na kufumbua, Ijumaa hiyo, naye hana hata sentensi. Akaandika: "Kompyuta imemeza sura ya nne." Pole zikamiminika tena.

Kumbe mmoja wa wasomaji alikuwa mjomba wake, fundi wa kompyuta. Jumamosi asubuhi akafika na begi lake la bisibisi. Alikuwa amefunga kibanda siku ambayo wateja ndio huwa wengi. "Siondoki hapa mpaka sura yako ipatikane," alisema.

Mkaidi alimwambia mjomba asijisumbue, ataiandika tena tu, lakini mjomba hakutaka kusikia. Aliifungua kompyuta, akakuta feni imezibwa na vumbi na nyuzi za cherehani. Mama akacheka, akasema basi mchawi ni yeye. Feni ikasafishwa, kompyuta ikawashwa, na safari hii haikukoroma wala kujizima. Hapo mjomba akaanza kuitafuta sura, faili baada ya faili. Simu ikaita, mteja. Ikaita tena, akaizima.

Mkaidi alijitetea moyoni. Si ni kweli kompyuta ilikuwa mbovu? Si iliwahi kumeza sura nzima? Lakini kila alipomtazama mjomba, ameinama, jasho linamtoka kwa kutafuta kitu kisichokuwepo, aibu ilimchoma.

"Mjomba, acha kutafuta," alisema mwishowe. "Hakuna sura. Sikuandika. Nilikuwa nacheza."

Mama akasimamisha cherehani. Mjomba hakupaza sauti. Aliuliza tu kama wasomaji nao wanajua. Mkaidi akatikisa kichwa. Mama akasema kwa huruma kwamba akiwaambia, shuleni watamcheka mpaka achoke.

"Na wacheke," alijibu Mkaidi, kidevu juu. "Walinicheka nilipoanza, nikaandika. Wakicheka tena, nitaandika tena."

Akaandika palepale: "Kompyuta haikumeza kitu. Nilicheza, kisha nikawadanganya. Naomba radhi. Sura ya nne itatoka kesho jioni. Anayetaka kuondoka aondoke. Mimi naendelea."

Baadhi waliondoka. Mmoja alimwita mwongo. Mkaidi alilisoma neno hilo mara mbili, likamuuma, lakini hakulifuta.

Mjomba alikuwa anarudisha bisibisi kwenye begi. "Kompyuta ikiharibika, mimi naifungua naona kosa liko wapi," alimwambia. "Mtu hafunguliwi kwa bisibisi. Akikosea, lazima aseme mwenyewe, la sivyo watu watahangaika kutengeneza kisichoharibika. Wewe umesema, na nimefurahi. Sasa kaandike. Kisingizio chako nimekifagia pamoja na vumbi."

Mkaidi akavuta kiti. Akaandika sentensi ya kwanza ya sura ya nne, na kabla hajagusa ya pili, akaihifadhi.